Kisu mfuko wa kushoto: shajara ya ala, mshipi na bastola isiyotakiwa kuchungulia

8 Machi 2025. Kilichonifanya nianze

Nina duka la dawa na vyakula vya mifugo hapa Nakuru, na ng'ombe wachache upande wa Molo. Bastola ninayo kwa cheti, ile Glock 19, na mwaka 2019 nilipigwa msasa upya kama wenye silaha wengine wote. Nimeibeba miaka mingi nyonga ya kulia, nyuma kidogo ya mfupa, ndani ya suruali, kwenye mkoba wa plastiki ngumu. Shida haikuwa bastola. Shida ilikuwa kisu.

Kisu nakitumia kutwa nzima. Kufungua gunia, kukata kamba ya robota ya nyasi, kupasua pakiti ya chumvi ya ng'ombe, kumenya chungwa. Nilikuwa na kile cha kukunja chenye kibanio cha chuma, mtindo ulioenea tangu kampuni ya Spyderco ya Colorado ilipotoa kisu chake cha kwanza chenye kibanio mwaka 1981, nami nilikibana mfuko wa kulia kama kila mtu. Wiki iliyopita mteja ameshika gunia, nami nikapeleka mkono mfukoni kutafuta kisu. Kiwiko kikainuka, shati likapanda, likakwama juu ya kitako cha bastola, likabaki hapo. Mama yule hakusema neno. Aliliweka gunia chini taratibu, akatoka. Hajarudi.

Nilikaa na jambo hilo usiku mzima. Kisu nakishika mara ishirini kwa siku. Bastola naomba Mungu nisiishike kamwe nje ya uwanja wa shabaha. Lakini nimeviweka upande mmoja, kiasi kwamba kila nikitaka kile cha mara ishirini nakifunua hiki cha kamwe. Kwa hiyo kipimo cha mradi huu ni kimoja: nitoe kisu, nikitumie, nikirudishe, na shati upande wa kulia lisitikisike.

Niliamua pia kubadilisha kisu chenyewe. Nilikuwa na Opinel namba 8 ndani ya droo, zawadi ya zamani. Ni kisu cha wakulima wa Savoie, Ufaransa, kinachotengenezwa tangu 1890, chenye mpini wa mbao, wembe wa sentimita 8.5 na ile pete ya kuzungusha ya kufungia wembe iliyoongezwa 1955. Ni chepesi na chembamba, na hakuna mtu anayekiona akadhani umekuja vitani. Ila hakina kibanio, kwa hiyo lazima kishonewe ala.

15 Machi. Ngozi ya makosa

Nilinunua kipande cha ngozi nyeusi laini mjini kwa shilingi 350, na uzi na gundi kwa 120. Nikakata, nikashona mwenyewe mezani jikoni. Ilipendeza. Nilipotia kisu ikakaa vizuri. Nilipokitoa, mdomo wa ala ukajifunga kama mfuko wa karatasi, na kukirudisha nikahitaji mikono miwili na macho. Hiyo ala haifai kitu.

Nikaipeleka kwa fundi viatu mmoja karibu na stendi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuitazama hata nilivyoshona. Alikunja ukingo, akanionyesha palipokatwa.

“Unaona rangi ya katikati, boss? Hii ya bluu bluu ni kromu, dawa ya kiwandani ya kulainishia ngozi. Hii ni ya viatu na mikoba ya akina mama. Ukiikunja inarudi, ukiilowesha haishiki umbo. Wewe unataka ya magome.”

Ngozi ya magome ni ile iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti, na huku kwetu mti wenyewe ni muwati, ambao mashamba yake na kiwanda cha kukamua magome vilikuwa kazi kubwa Eldoret kwa miaka mingi. Ukingo wake ukikatwa ni kahawia mpaka katikati. Ngozi hiyo ikiloweshwa huwa kama udongo wa mfinyanzi, ikikauka hubaki ulivyoifinyanga. Mwenye kuiga kazi hii aanze hapa, asipoteze zile 470 zangu.

22 Machi. Nilichemsha ngozi

Futi tatu za mraba za ngozi ya muwati, unene wa milimita tatu hivi, shilingi 280 kila futi. Jumla 840.

Kwenye video moja niliona jamaa akilowesha ngozi kwa maji ya moto. Nami nikachemsha birika. Nilipoizamisha, kile kipande kilijikunja mbele ya macho yangu kama nyama kwenye kikaango. Kikapungua upana, kikawa kigumu kama ukwato, na kilipokauka kikapasuka kwenye kona. Mke wangu alipita akauliza kama tunakula ngozi siku hizi.

Fundi alinifafanulia kesho yake. Maji ya kuchemka huipika ngozi ya magome. Yanayotakiwa ni vuguvugu, ya kuogea mtoto. Unaizamisha mpaka mapovu madogo yakome kutoka, unaitoa, halafu unasubiri, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Uiache mpaka rangi yake ya mwanzo ianze kurudi juu lakini ukiishika bado ni baridi. Ndipo unakifunga kisu kwa nailoni ya kufunikia chakula, unakiweka katikati, unaifinya kwa vidole na kwa mgongo wa kijiko mpaka umbo la kisu lionekane. Ikauke kivulini siku nzima na usiku wake. Usiiweke juani wala karibu na jiko.

Kipande cha pili kilikubali mara ya kwanza.

5 Aprili. Ala ya kwenye mshipi, na ushauri wa nchi ya mbali

Ala ya kwanza ya kweli ilikuwa ya kusimama wima kwenye mshipi, nyonga ya kushoto, na kifuniko chenye kifungo cha kubonyeza. Fundi alishona kwa 300, vifungo viwili 40.

Jambo moja kabla sijaendelea. Fundi hajaiona bastola na hataiona. Kila nikienda kwake imefungiwa kwenye kabati la chuma nyumbani, risasi zimetolewa. Nilimpelekea mkoba mtupu na kibao nilichokata unene wa sentimita tatu ili ajue nafasi ilivyo kiunoni. Alinitazama, akatazama kibao, akasema tu, “Sawa, mzee,” na hakuuliza tena. Mkoba wenyewe ulimweleza yote.

Dukani ala ile ilifanya kazi wiki moja. Kisha nikaendesha gari kwenda Molo.

Nilikuwa nimefuata ushauri wa Wamarekani, ambao wana maandishi mengi sana juu ya mambo haya: bastola kulia, kisu kushoto kwenye mshipi. Nilichosahau ni kwamba kule usukani uko kushoto. Mshipi wa gari lao hushuka kutoka bega la kushoto na kufungwa nyonga ya kulia, palepale penye bastola, na nusu ya malalamiko yao ni juu ya hilo. Gari langu lina usukani kulia. Kufuli la mshipi liko nyonga ya kushoto. Ala yangu, kifungo chake na kufuli la mshipi wa gari vyote vilikuwa vinagombania sentimita nne zilezile, na ubavu wangu ndio uliokuwa uwanja. Kufika Elburgon nilikuwa nimekaa upande kama abiria wa bodaboda aliyevaa sketi.

Kulikuwa na kosa la pili, na hilo sikuliona mpaka mke wangu aliponisimamisha mbele ya kioo. Nikiinua shati upande wa kushoto ili nifikie ala, nguo yote huvutwa kushoto. Upande wa kulia haufunuki, ni kweli, lakini unakazwa, na kitako cha bastola kinajichora chini ya shati mithili ya goti la mtoto chini ya blanketi. Nilichokuwa nimefanya ni kuhamisha kosa tu. Kitu chochote kilicho kwenye mshipi kinataka shati liguswe. Ala ilibidi ishuke mfukoni.

Nao wale Wamarekani hupenda kubishana kwamba kisu kiwe kushoto ili mtu akikung'ang'ania bastola uwe na cha kujitetea. Sibishani nao. Mimi nakata kamba za nyasi.

12 Aprili. Mvua

Ingizo hili ni la kisu chenyewe. Masika yameanza, nimeshinda shambani siku tatu na suruali imelowa mpaka mapajani. Jioni nataka kumenya viazi, wembe hautoki. Mbao ya mpini imevimba na kuubana. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa koleo na karibu nikatwe.

Njia wanayoitumia watu wa Savoie wenyewe ni rahisi hadi aibu: unafungua pete, unashika kisu kikiwa kimefungwa, unagonga kisigino cha mpini mezani, upande ulio kinyume na ncha. Wembe unachomoza kiasi cha kushikwa kwa vidole. Mara mbili, ukatoka.

Lakini ulipotoka ulikuwa na madoa meusi. Wembe wangu ni wa chuma cha kaboni, si kile kisichoshika kutu, na ngozi ya magome ina ile dawa ya muwati ambayo ikikutana na chuma na unyevu huacha weusi. Ndiyo kemia ileile ya wino wa zamani. Kama unanunua kisu kwa kazi hii, nunua chenye wembe usioshika kutu, uniachie mimi tabu hii.

Dawa yangu: mpini nilianika ndani kwa siku mbili, nikasugua pale wembe unapopita kwa msasa mwembamba (shilingi 50), nikaupaka mafuta ya kitani mara tatu kwa siku tatu (shilingi 250). Wembe naufuta kila jioni na kuupaka tone la mafuta ya nazi. Madoa hayajaondoka ila hayajaongezeka. Na ala sasa hailali na kisu ndani ikiwa imelowa.

26 Aprili. Ya mfukoni

Hii ndiyo iliyobaki mpaka leo, kwa hiyo naieleza polepole.

Ni kipande kimoja cha ngozi kilichokunjwa, kimeshonwa upande na chini, juu wazi, hakina kifuniko wala kifungo. Kinaingia mfuko wa mbele wa kushoto. Kazi yake ni kukisimamisha kisu wima dhidi ya mshono wa nje wa suruali, kisilale kwenye kona ya mfuko pamoja na funguo na sarafu.

Ya kwanza ilitoka pamoja na kisu. Kila nikivuta, vyote viwili mkononi, na mteja ananitazama nikivivua kimoja toka kwa kingine kama soksi. Pia ilizunguka, kisu kikageukia paja, na nikikaa kiti cha gari kikanichoma juu kidogo ya goti.

Fundi alitengeneza ya pili kwa 200 na alibadilisha vitu vitatu. Ngozi aliigeuza nje ndani. Upande laini sasa uko ndani, kisu kinateleza, na upande wa nyama wenye manyoyamanyoya uko nje, unashika kitambaa cha mfuko. Hilo peke yake lilimaliza nusu ya tatizo, na nilijiona mjinga kwa kutolifikiria. Pili, aliacha bawa la ngozi upande mmoja, upana wa vidole vitatu, linalojaza mfuko ili ala isizunguke. Tatu, alifupisha. Ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko kisu. Hii inaacha vidole viwili vya mpini juu, na chini inaishia kabla paja halijaanza kukunjika.

Bado kilikuwa kinazama kwenye suruali za mifuko mirefu, basi nikaongeza kamba nyembamba ya ngozi kutoka kwenye bawa hadi lupu ya mshipi iliyo juu ya mfuko. Kamba inaonekana kidogo. Watu wanadhani ni ya funguo.

Mkono wa kushoto unavuta, mkono wa kulia unafungua wembe, kwani Opinel hata hivyo hutaka mikono miwili. Siku za kwanza mkono wa kulia uliendelea kwenda mfuko wa kulia kwa mazoea, ukakuta leso. Ilichukua wiki mbili kuacha. Kipimo cha kioo kimepita: shati halitikisiki.

3 Mei. Mshipi mfupi

Baada ya kisu kutulia, nikaona kumbe bastola ilikuwa inajichora kwa sababu nyingine pia. Mshipi wangu wa dukani ni laini. Glock ikiwa imejaa inakaribia gramu 850, na uzito huo wote upande mmoja unaupinda mshipi, kitako kinaegemea nje. Nilitaka mshipi wa tabaka mbili za ngozi ya muwati zilizogandishwa na kushonwa, upana wa sentimita tatu na nusu ili upite kwenye lupu za suruali za kanisani pia.

Vipande viwili 1,000, kushona 400, bizimu ya shaba 150. Nilijipima kiuno kwa tepu asubuhi, nikampa fundi namba. Mshipi ukaja, kazi safi kabisa, nikauvaa pamoja na mkoba na bastola, ukafika kwenye tundu la mwisho na kugoma. Nilijipima nikiwa mtupu kiunoni. Bastola ndani ya suruali inaongeza sentimita nne au tano, na mshipi mnene nao unakula zake.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. “Ungeleta kile kibao chako,” akasema.

Wa pili: vipande tena 1,000, kushona akanifanyia 300, bizimu ileile. Jipime ukiwa umevaa kila kitu, na tundu la katikati ndilo liwe lako, kwa sababu Desemba ina chapati. Ule mfupi nimempa kijana wangu wa kidato cha tatu, anauvaa shuleni na hajui umezaliwa kwa kosa gani.

17 Mei. Kisumu

Hili lilikuwa jaribio lenyewe. Molo ni baridi, jaketi huficha dhambi zote. Kisumu iko chini, ufuoni mwa ziwa, joto lake halina mzaha, na huko ni shati moja jepesi tu. Nilitoka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, Mau Summit, Londiani, Kericho, nikashuka Ahero na madirisha yote wazi. Zaidi ya saa nne za kukaa. Ala ya mfukoni sikuihisi kabisa, na kufuli la mshipi wa gari lilikaa mahali pake. Mshipi mpya ulinikata kidogo kwenye mfupa wa nyonga mpaka Kericho, kisha ngozi ikapata joto la mwili ikalegea.

Jasho lilikuwa jambo lingine. Upande wa nyuma wa mkoba wa bastola uliniwasha, lakini hilo ni la fulana ya ndani, nitavaa ya pamba wakati ujao.

Kwenye duka moja kubwa mlinzi alipitisha kifaa chake, kikalia kulia na kikalia kushoto. Nilimwambia kwa sauti ya chini, nikatoa cheti. Alikisoma, akaitikia kwa heshima, akanionyesha mahali pa kufungia bastola. Halafu akauliza, “Na hii nyingine?” Nikatoa Opinel. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Aliita mwenzake. Mwenzake akaita msimamizi. Bastola ina cheti, kisu hakina, na hakuna aliyejua akiandike wapi. Mwishowe kikatiwa kwenye bahasha na jina langu juu. Siku hizi nikienda mahali pa ukaguzi kisu nakiacha garini.

Nilinunua pia kipande cha ngozi ya mbuta, shilingi 600. Huko Kisumu ngozi za samaki zilizokuwa zikitupwa na viwanda vya minofu sasa hutengenezwa zikawa ngozi kamili, na vile vifuko vya magamba hubaki kama vigae vidogo. Haina harufu. Nilitaka kuipamba ala nayo, nikaigandisha bawani mwenyewe hotelini. Kufika Awasi siku ya kurudi ilikuwa imebanduka kote. Nilipaka gundi juu ya uso laini bila kuukwaruza kwanza, na nilikuwa nimeshaambiwa.

7 Juni. Ilipofikia

Gharama zote hadi leo ni shilingi 5,600, bila petroli wala kisu. Kati ya hizo, 2,150 ni za makosa: ngozi ya kromu, kipande nilichokipika, na mshipi wa kijana. Mwenye kufuata hatua hizi bila kurudia ujinga wangu amalize kwa 3,500 hivi, na akiacha mapambo ya samaki, chini ya elfu tatu.

Uzi wa chini ya ala umeanza kukatika pale ncha ya mpini inapogonga. Fundi anasema alipaswa kuweka utepe wa ngozi kati ya tabaka mbili, kama wanavyofanya kwenye ala za panga, uzi usiguswe na mpini. Nimemwachia ya tatu aishone hivyo, na ile ngozi ya mbuta, ikiwa imekwaruzwa safari hii. Amesema Jumanne.